Ijumaa Niliyokataa Kushika Kalamu Doha

Nilikwenda Doha kwa ajili ya sahihi moja. Watu huenda kule kutafuta kazi, wengine kupiga picha majengo ya vioo; mimi nilikwenda kumtafuta Kevo, mlinzi wa lango, ili atie wino kwenye karatasi. Jumanne iliyofuata bodi ya vyeti ingekaa Nairobi kwa mara ya mwisho juu ya jina lake. Cheti chake cha shule kilisema Caroline, jina alilopewa alipodhaniwa msichana, na chuo kilichokuwa tayari kumpokea hakikutaka kusikia lolote mpaka karatasi zake zikubaliane. Maelezo yake yasipofika mezani yakiwa na sahihi ya mkono, faili ingefungwa. Posta haikufaa, maana barua za walinzi zilifunguliwa na msimamizi wa hosteli.

Mimi naitwa Dina. Nilizaliwa nikaitwa mvulana, nikakataa, na tangu hapo kazi yangu ni kuwasumbua maofisa kwa niaba ya wenzangu. Juu ya hayo ni Myahudi, wa sinagogi dogo la mabati huko nyanda za juu, ambako wazee hawajaamua nikae upande wa wanaume au wa wanawake. Wakiendelea kujadiliana, mimi hukaa mlangoni penye hewa safi. Lakini Sabato naishika kuliko wao wote, wasije wakapata la kusema. Tangu jua lizame Ijumaa mpaka nyota za Jumamosi, siandiki hata herufi moja.

Jumatano, uwanja wa ndege. Pasipoti yangu bado ilisema mimi ni mwanamume, kwa hiyo nilivaa suti ya kaka yangu, nikafunga tai, nikasafiri nikiwa mtu mwingine. Wale wanaodai kwamba watu kama mimi tunadanganya wangefurahi kuniona: siku hiyo nilidanganya kutoka kichwani hadi viatuni, na kila ofisa akaridhika. Yule wa Doha alitazama picha, akanitazama, nami nikatabasamu kama wakala wa bima. Akagonga muhuri.

Alhamisi, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Wenyeji wangu walikuwa Nduta, muuguzi niliyekaa naye dawati moja shule ya msingi, na mumewe Gitau, dereva. Nduta ndiye mtu wa kwanza duniani kuniita Dina, na hajawahi kunisifu kwa lolote.

"Unatafuta mishumaa ya nini?" aliniuliza. "Hapa stima haipotei."

"Ya Sabato."

"Haya, twende madukani Najma. Kule hakukosekani kitu."

Kilichokosekana ni mishumaa ya kawaida. Muuzaji alituletea ya waridi na ya vanila, ndani ya glasi, akatushauri vanila kwa sababu wanawe wanaipenda. Nikachukua miwili. Sala zangu za wiki ile zilinukia keki.

Ijumaa. Hii ndiyo siku pekee ambayo Kevo hupata nafasi mchana. Tulikubaliana afike saa nane. Utaratibu wangu ni uleule miaka yote: mtu anakaa mbele yangu, anaeleza, mimi naandika kwa Kiswahili cha mahakamani, namsomea, anatia sahihi. Saa moja inatosha. Saa nane ikapita, tisa ikapita. Saa kumi akapiga simu kusema yuko njiani kutoka The Pearl, kisiwa anakolinda lango. Desemba jua la kule huzama kabla ya saa kumi na moja. Nikawasha mishumaa yangu ya keki, na muda mfupi baadaye msikiti wa jirani ukaadhini magharibi. Sabato yangu ikatangazwa na muadhini, kwa sauti nzuri kuliko ya mzee wetu yeyote.

Adhana haijaisha, mlango ukagongwa.

"Anti, sori sana," Kevo alisema akihema. "Mdosi alinishikilia, dem wa kunirilivu zamu hakutokea. Tuandike chapchap, saa mbili lazima niwe nimesaini hosteli."

Nikamwambia Sabato imeingia.

"So?"

"Siandiki."

Alinitazama kana kwamba nimemtukana mama yake. "Umetoka Nairobi hadi hapa usiandike? Kesho niko kazini kutoka asubuhi, na wewe jioni unapanda ndege! Huyo Mungu wako hawezi kungoja dakika kumi?"

Niliitazama kalamu mezani, na niseme wazi, kilichonizuia si utakatifu mtupu. Nilikuwa nawaza wale wazee. Niliona aibu, na bado mkono haukwenda.

"Kevo, wewe si ulimaliza fomu foo?" Nduta aliuliza akitoka jikoni. "Keti uandike mwenyewe."

"Mimi sijui hiyo Kiswahili yao."

"Nitakusomea," nikadakia. "Andika: Mimi, mwombaji niliyetajwa hapo juu..."

"Dina," Nduta akanikata, "kumwandikisha mwenzako si kazi pia?"

Ni kazi, na imekatazwa. Nikafunga mdomo. Kwa mtu kama mimi, kunyamaza saa nzima huku mteja akitafuna kalamu ni mateso. Mara tatu nilitaka kumsahihisha, na mara tatu Nduta alinisukumia sahani ya samaki. Kevo alitia sahihi, akala wima, akaondoka bila kuniaga vizuri.

Ndipo nikaisoma:

"Naitwa Kevin. Napekua mikoba kwenye lango la wanawake. Kila siku kuna mama anayekataa nimpekue, anasema mimi ni mwanamume. Msimamizi humwonyesha kitambulisho changu, kinachosema mimi ni mwanamke. Mama anasema kweli, kitambulisho kinadanganya, na anayeomba msamaha ni mimi. Nimechoka. Naomba cheti changu kikubaliane na yule mama."

Nililia, na Nduta akanicheka.

Jumamosi, nyota zilipotokea, nilivaa tena suti ya kaka yangu na kurudi nyumbani.

Jumanne, Nairobi. Mwenyekiti wa bodi huyafunua maelezo yangu kama anayetafuta ukurasa wa michezo. Safari hii alisoma hadi mwisho, akavua miwani.

"Nani ameandika haya? Maana si wewe."

"Mimi nilikuwa napumzika," nikamjibu.

Cheti kipya kikaamriwa. Nilimpigia Kevo, akapiga kelele mpaka nikaiweka simu mbali na sikio, kisha akanisamehe.

Jioni ile nilifungua kabati na kusoma faili zangu za zamani. Mshonaji, mwalimu, mpishi, wote walizungumza kwa sauti moja, na sauti hiyo ilikuwa yangu. Nilikuwa nimewatetea miaka yote bila kumruhusu hata mmoja wao aseme.

Sasa mteja akija nampa kalamu na karatasi, natoka nje nasimama kwenye veranda. Si wote wanaokubaliwa. Ila bodi ikimkataa mtu siku hizi, inalazimika kwanza kukutana naye.