Valvu ya Silinda ya Tatu

Fundi alimwambia mama kwamba injini imekufa. Aliyasema hayo akiwa amekalia kiti cha marehemu baba, na mama akainamisha kichwa kama aliyeletewa msiba wa pili. Pikapu ile ya zamani ndiyo kitu pekee cha maana alichotuachia baba. Imebeba viazi vya Tlawi, imebeba wajawazito wa Nambis kwenda hospitali mvua ikinyesha. Sasa fundi, rafiki wa baba wa miaka yote, akawa anajitolea kutuondolea uani, aichukue kama chuma chakavu.

Mimi nafundisha fizikia Nangwa, nilikuwa nimekuja likizo. Mama aliponieleza kwamba gari lilianza kutetemeka na kushindwa milima wiki ileile fundi huyo alipolifanyia sevisi, hasira zikanipanda. Hata kupima hakupima. Alifungua boneti tu, akatangaza kifo.

Nikaazima kompresa kwa mziba pancha. Nikatoboa plagi mbovu katikati, nikaifunga kwenye mpira wa hewa ili niikaze kwenye tundu la plagi la kila silinda. Magurudumu nikayawekea mawe, na kila kabla ya kuingiza hewa nilitia gia, maana hewa ikiingia husukuma pistoni. Kila silinda niliipandisha pistoni yake hadi juu, mahali ambapo valvu zote mbili zinapaswa kuwa zimefunga, kisha nikaingiza hewa. Mama nilimwomba asikilize nyuma. Alikunja khanga, akapiga magoti, akatega sikio kwenye bomba la moshi. Silinda ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu akainua mkono.

"Huku kunapumua," alisema.

Ringi za pistoni zingekuwa zimekwisha, hewa ingetokea kwenye mdomo wa oili. Ingekuwa gasketi, rejeta ingetoa mapovu. Hii ilitokea kwenye bomba la moshi, kwa hiyo tatizo ni valvu ya kutolea moshi. Nikafungua kifuniko cha juu. Nati ya kuirekebishia valvu ile ilikuwa imekazwa mpaka haikubaki nafasi ya kupitisha unywele, hivyo valvu haikuweza kufunga. Nikailegeza kidogo. Mama akasema kumenyamaza.

Nati haijikazi yenyewe. Aliyeishika mwisho ni fundi. 

Asubuhi yake fundi akaja na kamba ya kuvutia gari. Nikamwamkia shikamoo kwa sababu tu mama alikuwa amesimama pale. Akaitika marahaba. Nikawasha. Gari likanguruma bila kutetemeka.

"Baba mdogo, ulikaza valvu ya tatu kupita kiasi," nilisema. "Ulikuwa unajua?"

 Akasema, polepole, kwamba siku hizi macho yake hayaoni vizuri vitu vidogo.

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo mkubwa, si kwa jambo ambalo huenda ni kweli. Hilo likanikasirisha zaidi. Kama haoni, kwa nini hakusema kabla mama hajalia siku tatu? Mama akamuuliza habari za mkewe, akamsindikiza hadi njiani. Mimi sikumsindikiza. Mpaka leo tukikutana namwamkia, anaitika, na gari letu haligusi.