Hodi ya Maji Moto

Bagamoyo ya wakati ule iliwajua viongozi wa safari kuliko ilivyowajua maimamu wake. Misafara iliondoka kwenda Unyamwezi na Ujiji, na kirongozi aliyetembea mbele, mwenye joho jekundu na manyoya kichwani, akipita sokoni hata wauza samaki walinyamaza. Kwa hiyo Mwaija binti Msabaha alipoanza kujiita kirongozi, mji ulichukia. Mwanamke, tena mtoto wa mjakazi, tena safari yake yenyewe ya siku moja: asubuhi anawatoa watu mjini, jioni anawarudisha wameoga. Walimwita kirongozi wa kunawa. Mwaija aliwaambia kwamba wa kwake angalau wanarudi.

Mimi nampenda kwa jibu hilo tu, hata kama angekuwa hakufanya jambo jingine lolote maishani.

Safari yake ilikuwa hivi. Watu walitoka baada ya sala ya alfajiri, wanawake na wagonjwa juu ya punda, wengine kwa miguu. Walipita mashamba ya minazi, wakafika kingo za mto Kingani, na hapo Mwaija aliwasimamisha juu ya kichuguu kirefu wawatazame viboko wakipiga miayo. Aliwapa muda wa kuogopa vizuri, maana alisema mtu asiyeogopa kidogo haoni kwamba ametembea. Kutoka hapo waliingia vichakani mpaka kwenye shimo jembamba ardhini, linalotoa hewa ya vuguvugu kama pumzi ya ng'ombe. Ukitupa jani kavu ndani, linarudi. Watu wazima wenye ndevu walitupa majani hapo mpaka wakaona haya. Kisha dimbwi la juu, ambamo maji yanachemka hasa, na hapo Mwaija alitumbukiza kikapu cha mayai na mihogo, wakala. Mwisho kabisa, chini ya mteremko, chemchemi ya kuogea, maji moto yanayovumilika, yenye harufu ya baruti. Wenye maungo mabovu waliingia wakilia na kutoka wakicheka.

Chemchemi hiyo ilikuwa mikononi mwa Wakwere, na Wakwere hawakuiacha wazi. Njia ilizibwa kwa matawi ya miiba kati ya nguzo mbili, na nyuma yake alikaa mwanamke mmoja mfupi, mkali, tumbaku shavuni, jina lake Chausiku. Ukifika unapiga hodi. Chausiku anauliza: nani kawaleta? Jibu halitoki kwa kirongozi. Linatoka kwa mmoja wa waliokuja: amtaje kirongozi jina lake na baba yake, kisha aseme ni muungwana au yuko chini ya mkono wa mtu. Akiwa chini ya mkono wa mtu, miiba haiondolewi.

Wengi waliona ni kiburi cha washenzi tu. Lakini Wakwere walikuwa na sababu yao. Zamani wateka watu walikuwa wakimkamata mtu mmoja njiani, wanamfunga, wanamlazimisha awaongoze mpaka kijijini kwao, awapigie hodi kwa sauti inayojulikana. Mlango unafunguliwa, kijiji kinakwisha. Ndipo wazee wakaapa kwamba mtu asiyejimiliki hatafungua njia yao tena, na anayekuja atamdhamini anayemleta.

Kwa miaka Mwaija alidhaminiwa bila taabu. Wageni walijibu, "Mwaija binti Msabaha, muungwana," kama mtu anavyojibu salamu, wakaingia. Na kweli alikuwa muungwana. Bi Mkubwa aliyemmiliki, alipokuwa anakata roho, alisema amemwacha huru kwa ajili ya Mungu. Chumbani walikuwapo watu wawili: Mwalimu Haji, aliyekuja kumsomea, na bintiye Bi Mkubwa, Mwanajuma, aliyekua na Mwaija juu ya mkeka mmoja. Mtoto wa kiume, Abdala, alikuwa Pangani.

Kisha Mwalimu Haji akafa, na Abdala akarudi. Pangani alikuwa ameanzisha shamba la miwa, na shamba la miwa halishibi watu. Alimtazama Mwaija akipita na makubadhi yake miguuni, viatu ambavyo mtumwa havai, akasema yeye hakusikia habari ya uhuru wowote. Mwaija akakimbilia kwa kadhi. Kadhi akatuma kumuuliza Mwanajuma, naye nyuma ya pazia hakujibu ndiyo wala siyo. Kadhi akasema hana la kufanya: mrithi mmoja akikiri mbele ya watu, atahukumu Mwaija ni huru, wasipokiri, ni mali ya nyumba. Abdala akatangaza barazani kwamba jahazi lake likimaliza kupakia litampeleka Mwaija Pangani, akakate miwa.

Mwanajuma alimwogopa kaka yake, ndiyo maelezo ya watu mpaka leo. Na mimi nasema Mwaija pia alikuwa na mtu wa kumwogopa, tena ni yuleyule.

Sasa, Mwanajuma magoti yalikuwa yamemvimba hata akawa anasali ameketi. Jirani yao alikuwa Fidahussein, mwenye duka la nguo, na mkewe Noorbanu alikwisha kwenda Maji Moto mara mbili kwa ajili ya ukurutu wake, akarudi na ngozi ya mtoto. Noorbanu ndiye aliyemshika Mwanajuma masikio mpaka akataka kwenda. Abdala alimpenda dada yake, hilo hatuwezi kumnyima. Akasema watakwenda wote, yeye, dada yake, Fidahussein na Noorbanu, na Mwaija atawaongoza. Alitaka mji umwone Mwaija akitembea mbele ya punda wake, halafu maneno yaishe.

Yeye mwenyewe Maji Moto hakuwahi kufika. Alikuwa akiyaita mambo ya kishenzi, na mtu hajisumbui kuuliza desturi za kitu anachokidharau.

Mwaija akakubali. Noorbanu alimfuata uani akamuuliza kama ameingiwa na wazimu, kwa nini asitoroke usiku huohuo aende zake Winde au Saadani. Mwaija alikuwa anachagua mayai, akiyatikisa sikioni moja moja.

"Bi Noorbanu, anayetoroka ni mtumwa," akasema. "Mimi nina kazi kesho."

Asubuhi wakakutana mbele ya nyumba ya Abdala. Wachunga punda watatu, Wazaramo, walikwisha funga matandiko, na majirani walikuwa wamesimama vibarazani wakijifanya wanapiga mswaki. Desturi ya wakati ule ilijulikana hata na mbuzi: mtumwa anapomwona bwana wake asubuhi huinama akasema nashika moo, yaani nashika miguu yako, na muungwana humsabahi muungwana mwenzake. Abdala alisimama akangoja. Mwaija akaja, kikapu mkononi, makubadhi yanalia mchangani.

"Sabalkheri, Bwana Abdala."

Vibarazani miswaki ikasimama midomoni.  Abdala alipanda punda, uso umemwiva, akamwambia Fidahussein kwamba Pangani kuna watu wanaojua kufundisha salamu. Fidahussein, mtu wa amani, mwenye wateja pande zote mbili za mtaa, akasema leo itakuwa siku ya jua kali. Wakaondoka.

Mwaija aliwaongoza kama alivyowaongoza wengine, na hapo ndipo ukaidi wake ulipokuwa mkubwa zaidi, maana angeweza kununa. Aliwasimamisha juu ya kichuguu, akawaonyesha kiboko jike mwenye mtoto mgongoni. Alimwambia Fidahussein asisogee mbele zaidi. Kwenye shimo linalopumua Noorbanu alitupa jani, likarudi likamkaa usoni, akacheka mpaka akashika mbavu. Mwanajuma naye akacheka, kidogo, kisha akakumbuka yuko na nani, akanyamaza. Njia nzima hakumtazama Mwaija. Alitazama masikio ya punda.

Penye dimbwi la juu walikula. Abdala alikula mayai mawili akasifu chumvi. Wachunga punda wakaachwa hapo na mihogo iliyobaki, ndani ya moshi wa maji, na wale wengine wakateremka, Mwanajuma juu ya punda anayeongozwa na Noorbanu, mpaka kwenye nguzo mbili.

Chausiku alikuwa anamenya mihogo. Mwaija akapiga hodi, akarudi nyuma hatua chache, akakunja mikono. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake yote iliyobakia.

"Nani kawaleta?" Chausiku akauliza.

Noorbanu, aliyezoea, alifungua mdomo, lakini Abdala alikuwa amekwisha kujibu. Alisema wameletwa na Mwaija, mjakazi wa nyumba yake. Alilisema kwa raha, kama mtu aliyekuwa akilibeba tangu barazani.

Chausiku akarudi kwenye mihogo yake. Akasema basi warudi mjini salama.

Ilichukua muda Abdala kuelewa. Noorbanu ndiye aliyemweleza, kwa ghadhabu, maana alikuwa na kaniki ya kuogea tayari begani: mtumwa hafungui njia hii, na yeye Bwana Abdala kwa kinywa chake mwenyewe ndiye aliyeifunga. Abdala akacheka, akatoa kitambaa kizuri cha Maskati kifuani akamtupia Chausiku. Kikaangukia maganda ya mihogo, kikabaki hapohapo. Akasema ataitoa miiba kwa mikono yake. Chausiku akamwambia anaweza, ila vijana wake wako shambani hapo nyuma na wanasikia vizuri, na wao hawajasahau wateka watu. Abdala akamgeukia Mwaija, akamwamuru aseme na huyu mwanamke.

"Mimi siulizwi," Mwaija akasema. "Umekwisha nijibia."

Jua lilikuwa limepinda. Fidahussein akapendekeza taratibu kwamba labda Bwana Abdala aseme tu neno linalotakiwa, mambo ya mjini yabaki mjini. Hapo Abdala akaona mtego wote, na akaona pia nani aliutega. Neno hilo akilisema mbele ya Fidahussein na mkewe, kesho litakuwa kwa kadhi. Akasema hataogeshwa na mjakazi wala hatalazimishwa na mjakazi, na kwamba wanarudi sasa hivi. Akamshika punda wa dada yake hatamu.

Punda alipogeuka kwa nguvu, mguu wa Mwanajuma ukagonga nguzo, goti lenyewe. Mwanajuma akatoa ukelele. Abdala aliomba radhi, alisikitika kweli, lakini hatamu hakuiachia. Akasema watatafuta mganga Unguja.

"Wacha punda," Mwanajuma akasema.

Hakuwacha. Akamwambia wataongea nyumbani.

"Nyumbani siongei. Nyumbani ndiko nilikonyamaza." Alijiinua juu ya tandiko, na Noorbanu akamshika kiuno asianguke. "Mama alimwacha huru. Nilikuwapo. Mkono wa Mama ulikuwa juu ya mkono wangu."

Abdala akamwambia kwa sauti ya chini kwamba akiendelea asikanyage tena nyumba yake.

"Nyumba ya Mama," Mwanajuma akasema. "Na mimi ni mwanawe."

Abdala akaachia hatamu. Alimtazama Fidahussein, na Fidahussein, mtu wa amani, safari hii hakusema lolote juu ya jua. Alisema kwamba amesikia, na mke wake amesikia, na akiulizwa na kadhi hawezi kusema hakusikia. Abdala akapanda mteremko peke yake, mkia wa kanzu umeshika miiba, akampita Mwaija bila kugeuza shingo.

Mwanajuma sasa alikuwa analia. Alimtazama Mwaija kwa mara ya kwanza siku ile, akinyoosha mkono kutoka juu ya punda, na kila mtu aliyekuwapo alijua anangoja nini. Alingoja Mwaija aje, amshike mkono ule, walie pamoja kama walivyolia juu ya mkeka mmoja walipokuwa wadogo. Noorbanu mwenyewe alikwisha kuanza kufuta machozi.

Mwaija hakusogea. Kuna watu wanaosimulia habari hii wakasema alikuwa na roho ngumu. Mimi nawauliza, hizo siku zote alizolala akisikiliza jahazi likipakiwa, nani alilia naye?

"Wachunga punda wako juu, hawajasikia," Mwaija akasema. "Na kaka yako anapita kwao sasa hivi, atawaambia lake. Sema tena."

Mwanajuma akaurudisha mkono. Kwa mwanamke wa nyumba ya kiungwana, kupaza sauti mbele ya wanaume wasio wake ilikuwa aibu kubwa kuliko kutoka bila shela. Alijifuta uso. Akageukia kule juu kwenye moshi, akajaza kifua, akaita kwa nguvu zake zote kwamba yeye Mwanajuma anakiri, na mama yake alikiri kabla yake, Mwaija binti Msabaha ni muungwana, na ndiye aliyewaleta.

Juu kule wanaume watatu wakasimama. Mmoja akainua mkono kuonyesha kwamba amesikia.

Chausiku akaweka kisu chini, akaivuta miiba kando.

"Haya," Mwaija akasema, "sasa mshusheni mgonjwa wangu."