Siku Niliyonyata Kwa Wakwe Tala

Chekeni tu, mmalize, kwa sababu hii aibu nimeibeba mpaka imezoea mgongo wangu, na bado sielewi kosa langu lilianzia wapi.

Mimi ni wa Machakos mjini, nyanya yangu alitoka Mombasa na Kiswahili chake, sasa nikampenda Mwende wa Tala, na siku ya kwenda kujitambulisha kwao rafiki yangu mmoja (Mungu anamwona) akaniambia Wakamba wako na nthoni, ile heshima ya mama mkwe, ati ukikutana naye njiani wewe unampisha, humkodolei macho. Nikashika hiyo.

Nafika getini, nani huyo anarushia kuku mahindi? Mama Mwende mwenyewe! Badala ya kupiga hodi kama mtu aliyelelewa, nikavua viatu (vilikuwa vinalia), nikaingia kwa shamba la mahindi nizunguke nyuma, nimejikunja, tai inaburuta mchanga. Mbwa alilala fofofo, kuku ndio waliniuza.

"Mwizi!" Mjomba wake Mwende, Mutua, amenishika kola, majirani hao na majembe.

"Si mwizi, mzee! Nilikuwa nanyata tu!"

"Kunyata ndio nini?"

Nikadhani nimepona, kwa hivyo nikaeleza vizuri kabisa, kwamba kunyata ni kutembea polepole umeinama ili usionekane, na nyanya yangu husema watu walilipata hilo neno kwa kumtazama paka akiendea kuku.

"Akiendea nini?"

"Kuku."

Wueh! Kila nikifafanua, kola inakazwa. Mwende yuko mlangoni ameziba mdomo, sijui analia ama anacheka, na mimi naona ndoa hiyooo inaenda.

Kumbe mama ameshaona kila kitu. Akasema, uso ameugeuzia ukuta, "Mutua, mwachilie. Mwizi gani anavaa tai? Huyu alikuwa ananihepa mimi." Halafu kwangu, bado anaangalia ukuta: "Ingia ule, mwanangu. Na uvae viatu."

Mwende nilimwoa. Lakini kunyata, haki ya Mungu, sirudii: siku hizi naanza kupiga hodi nikiwa bado barabarani, na kukohoa juu yake, na Mjomba Mutua akisikia ni mimi, anafungia kuku kwanza ndio anakuja kunisalimia.