Kwenda Mikumi na Gari Lisilojua Kusubiri

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Ukiniambia twende Morogoro, nitakuuliza kwanza nani atawafungulia kuku. Kwa hiyo mnaonijua hapa Chanzuru mtashangaa kwamba niliondoka kwa hiari yangu, Ijumaa asubuhi na mapema, ndani ya gari ambalo watu wenye akili walikuwa wanalikwepa.

Nilikuwa na sababu moja. Mke wangu, Roza, alikuwa na mimba ya miezi minane. Mtoto wetu wa kwanza tulimpoteza njiani tukimkimbiza mama yake hospitali Kilosa juu ya baiskeli. Sasa kijiji kilikuwa na gari, na halmashauri ya kijiji ilikuwa imeamua kwamba lisipopona kabla ya mkutano wa Jumapili, Jumatatu linakwenda yadi ya wilaya. Magari yanayoingia yadi ile hutoka vipande vipande.

Gari tuliachiwa na mhandisi mgeni aliyemaliza kazi zake za barabara. Lilikuwa la petroli, kuukuu, lenye tabo, yaani kile kidude cha chuma chenye umbo la konokono kinachosukumia injini hewa kwa nguvu. Ugonjwa wake ulikuwa kutokaa silensa, yaani kunguruma taratibu likiwa limesimama. Ukiondoa mguu kwenye mafuta linatetemeka kama mwenye homa, mngurumo unapanda, unashuka, kisha linazima. Ukikanyaga linapiga mluzi, linatoa moshi mweusi, na nguvu huzioni.

Mlangoni Roza alinipa kipande cha sabuni kilichofungwa kwenye kitambaa. Mwaka ule sabuni ilikuwa adimu kuliko nyama, na hicho alikuwa amekificha kwa ajili ya kumwogeshea mtoto.

"Fundi akisumbua, mpe," alisema. "Na usiniletee hadithi. Niletee gari."

Saa moja na nusu, Kilosa. Treni ya mizigo ilikuwa inapita, tukalazimika kusimama kabla ya kuvuka reli. Gari likazima papo hapo. Dereva wetu, Luka, mtu mzima mwenye mdomo usio na breki, akanigeukia.

"Katibu, shuka usukume. Si wewe uliyeandika barua ya kulipokea?"

Nilisukuma. Watu wa sokoni walinipongeza kwa makofi.

Saa tatu, kijiji cha Ulaya. Hapa tuliharibu heshima yetu. Mzee mmoja alikuwa anavuka na jembe begani, na Luka hakuthubutu kupunguza mwendo. Nikatoa kichwa dirishani, "Shikamoo mzeeee!" Marahaba yake ilitufikia tukiwa tumeshapita mbali, ikifuatwa na maneno mengine ambayo si marahaba.

"Huyo atakukumbuka," Luka akasema.

Baada ya Ulaya sikutulia tena. Kila kilima gari lilipanda likikohoa, nami nilikuwa naegemea mbele kana kwamba nalisaidia. Nilihesabu siku mpaka Jumapili, zikawa zile zile mbili. Nikahesabu tena.

Saa tano, Mikumi. Mzee Kondo, fundi tuliyekuwa tunamfuata, tulimkuta kwenye uwanja wake kando ya barabara kuu, amelala chini ya lori. Baba yake aliletwa Kilosa kutandika reli. Yeye alikulia kwenye karakana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Zima gari nilisikie likiwa limenyamaza."

"Limeshajizima, mzee," Luka akasema.

Alifungua boneti, akatazama, kisha akavuta kitu kwa kidole. "Nani kafunga kamba ya katani hapa?"

Ulikuwa mpira mnene unaopeleka hewa kutoka kwenye tabo. Luka akaanza kuchunguza mawingu.

"Mimi, mzee," nikasema. "Klipu ilipotea siku ya zamu yangu."

"Umesoma wewe?"

"Mpaka kidato cha nne."

"Pole."

Ikabidi nieleze utaratibu wetu. Gari ni la wote, basi kila Jumamosi mjumbe mmoja analihudumia kwa zamu, na orodha ya zamu niliiandika mimi, kwa mwandiko mzuri kabisa. Mzee Kondo akauliza wanahudumia nini. Nikasema wanafuta vumbi, halafu, kwa kuwa hakuna anayependa kurudi nyumbani bila kufanya kitu, wanazungusha kidogo ile skrubu ya silensa.

"Wajumbe wangapi?"

"Ishirini na tano."

Alikaa chini akacheka mpaka akashika ubavu.

Kamba aliikata, akaweka klipu ya lori. Tukawasha, Luka akakanyaga, na mluzi ukaisha. Lakini alipoachia mafuta, homa ikarudi ile ile.

"Hapa pana hewa ya wizi," alisema Mzee Kondo. "Injini inapima hewa inayopita mlangoni, inaichanganyia petroli yake. Hii nyingine inapenya kwa nyuma, haijapimwa. Nyie mkaona inatetemeka, mkakimbilia skrubu. Mna sabuni? Mimi yangu iliisha kitambo."

Luka alinitazama. Alijua imo mfukoni mwangu, na alijua ni ya nani. Nikaitoa.

Mzee alikata nusu tu, akakoroga povu kwenye kopo, nyingine akanirudishia. Luka akashikilia mafuta kidogo gari lisizime, na mzee akapaka povu kwenye mipira, mmoja baada ya mwingine, bila haraka, huku mimi nikizunguka gari kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nyuma kabisa, kwenye kimpira chembamba kama kidole, povu likanywewa ndani, fyuu! Mngurumo ukabadilika.

"Mwizi huyo," akasema.

Mpira ulikuwa umepasuka upande wa chini, usikoonekana. Akakata ncha iliyooza, akaurudisha, kisha akaanza kuirudisha nyuma ile skrubu, zamu ya mjumbe mmoja mmoja. Luka akatoa mguu. Gari likanguruma sawasawa. Nilitaka kulia, nikapiga chafya badala yake.

Tukalala Mikumi, Jumamosi tukarudi.

Jumapili, Chanzuru. Gari lilinguruma mbele ya ofisi ya kijiji bila mtu ndani, watu wakashangilia. Kabla mwenyekiti hajafungua mkutano, Mzee Mathayo akalisogelea na bisibisi.

"Zamu yangu ilikuwa jana, halikuwepo. Nailipa leo."

"Shikamoo mzee. Usiguse."

"Marahaba. Wewe uliguse, mimi nisiguse?"

Nikasimama mbele ya boneti, nikakiri mbele ya kijiji kizima habari za katani. Walinicheka vya kutosha, kisha wakakubali: gari linabaki, orodha inachanwa, na boneti hafungui mtu ila Luka.

Wiki ya tatu baada ya mkutano, Roza akaniambia wakati umefika. Luka alileta gari mlangoni, akashuka kumsaidia kupanda, nalo likatusubiri likinguruma taratibu. Safari ya Mikumi ilinifundisha kuacha kitu kinachokwenda vizuri kiende bila mkono wangu. Somo nimelielewa, ila siwezi kusema nimelifaulu, maana mpaka tunaingia Kilosa nilikuwa namuuliza Luka kama tusimame tuangalie ile mipira.

"Fungua mdomo tena," Roza akasema akiwa amebana meno, "nishuke nitembee."

Nikaufunga. Binti yetu alizaliwa kabla ya saa sita mchana.