Dada Yangu, Gari la Marehemu na Picha Sita za Mkono wa Gia

Namshukuru kwanza Yeye aliyekiumba chuma akakipa ugumu, akamuumba binadamu akampa ubishi, kisha akavikutanisha viwili hivyo ndani ya gereji ya dada yangu.

Baada ya shukrani, nakiri.

Jumamosi moja, karibu na saa sita mchana, gari lenye injini nzima lilikataa katakata kwenda mbele. Aliyelizuia ni mimi, mwalimu wa madrasa, niliyehifadhi Kitabu nikiwa na miaka kumi na miwili.

Niwapange watu kwanza.

Wa kwanza ni dada yangu, mjane wa miaka sabini na mitano, mwenye ulimi ambao haujazeeka hata siku moja.

Wa pili ni mwanawe wa pekee, mfamasia, mtu wa kupima hata furaha kwa kijiko.

Wa tatu ni fundi tuliyemwita Nyundo, kwa kuwa hiyo ndiyo dawa yake ya kila ugonjwa.

Wa mwisho ni mimi. Nilikwenda kusalimia tu.

Na gari lenyewe ni la spoti, la zamani, milango miwili, jekundu la kutia aibu. Marehemu shemeji yangu aliliacha kwa jina la mwanawe, lakini moyo wa dada ulikuwa humo ndani.

Tatizo lilikuwa bega. Dada alianguka, bega la upande wa kuvutia gia likavunjika, na ule mkono wa gia wa asili ulikuwa mrefu, mgumu, wa kuvutwa kwa mwili mzima.

"Mama, tuliuze," mpwa wangu akasema. "Gari la kukaa bila kwenda ni kabati."

Dada aliagiza mkono mwingine wa gia, mfupi, uliotengenezwa na mafundi wa mbali, unaosukumwa kwa kiganja tu.

Mpwa akaweka sharti. "Jumamosi saa sita anakuja mnunuzi. Ukilifikisha gari kwenye mnara wa maji na kulirudisha hapa bila kugusa kitu, anaondoka mikono mitupu. Ukishindwa, nampa ufunguo. Mjomba, wewe shahidi."

"Nimesikia," nikasema.

Basi Jumamosi hiyo Nyundo alikuwa amelala chini ya gari, mikono imejaa grisi, na karatasi ya maelekezo nikapewa mimi. Haikuwa na neno wala namba hata moja. Ilikuwa na picha sita, zimepangwa mstari mmoja.

"Soma, Mzee!" sauti ikatoka chini.

"Tanguliza springi. Kibati chenye tundu kikalie juu yake."

"Mbona kinagoma?"

"Vuta subira."

Alivuta nyundo. Kibati kikakaa.

Saa sita kasoro mnunuzi akafika, bwana mwenye kofia nyeupe. Akalizunguka gari akilipapasa kama anayechagua tikiti maji.

Dada akaingia, akawasha, akakanyaga klachi, akasukuma mkono mpya. Ukaingia kwa kiganja tu, laini kama siagi.

Gari likarudi nyuma.

Akafunga breki. Akajaribu kuutoa. Ng'o! Umenasa kwenye rivasi.

Nyundo akaichukua karatasi. "Mzee, ulianzia picha gani?"

"Ya kwanza."

"Ipi?"

Nikamwonyesha ile ya kulia kabisa.

Akanitazama kama mtu aliyefiwa. "Mzee wangu, hiyo ndiyo ya mwisho. Cha chini tumekiweka juu!"

"Mimi nimeanzia kulia tangu utotoni," nikasema.

"Kufungua ni saa mbili nzima."

Mnunuzi akatazama saa yake. Mpwa akanyoosha mkono apewe ufunguo, na nitamsifu kwa hili: sauti yake ilikuwa ya huruma.

"Mama, umejitahidi. Inatosha."

Nilitamani sakafu inimeze. Miaka sitini ya kusoma, na nimempokonya dada yangu kitu pekee alichokitaka.

Dada hakuutoa ufunguo. "Shahidi! Sharti lilisema nini?"

"Lifike kwenye mnara, lirudi, lisiguse kitu."

"Lilisema uso wangu utazame wapi?"

"Halikusema," nikajibu, na hapo nilikuwa na uhakika kuliko fatwa yoyote niliyowahi kutoa.

"Mama, acha vituko!"

Dada alikuwa ameshageuza shingo. Mkono mzima kwenye usukani, gari likatoka getini kinyumenyume, likapita kati ya mkokoteni wa matofali na pikipiki iliyoegeshwa ovyo, likakata kona ya kuelekea mnarani, likapotea.

Tukabaki tunatazamana. Nyundo akaanza kusoma dua. Alikosea, nikamrekebisha.

Dakika saba baadaye mkia mwekundu ukachungulia kwenye kona ile ile. Taratibu, limenyooka, likaingia gereji na kusimama. Hata ndoo ya Nyundo haikuguswa.

Mpwa akausogelea mlango wa gari. "Mama, umejifunzia wapi hayo?"

"Kwa baba yako."

"Alikufundisha?"

"Angefundisha nini? Hakujua! Miaka thelathini na nne, kila tukifika pa kuegesha anashuka, anajifanya anakagua tairi, mimi nahamia usukani nalirudisha nyuma. Mnadhani kwa nini alipenda kusema yeye ni mtu wa mbele tu?"

Mpwa akakaa juu ya tairi kuukuu. Akacheka mpaka machozi, na sikujua kama yote yalikuwa ya kicheko.

"Gari ni lako, Mama."

Mnunuzi akavua kofia. "Mama, naomba uniingizie langu barabarani. Nimeliegesha vibaya."

Somo langu, ndugu wasomaji, ni dogo: ukipewa karatasi ya mtu, kabla ya kuonyesha elimu yako, muulize alianzia upande gani. Elimu haikunipungukia siku ile. Swali ndilo lililonipungukia.

Ee Mola, mrehemu shemeji yangu kwa uhodari wake na kwa siri yake. Mponye dada yangu bega, mlainishie mwanawe moyo, mpunguzie Nyundo nguvu. Na sisi tuliobaki barabarani, tufikishe salama, vyovyote tutakavyokuwa tumeelekea.