Nyuki Wapole wa Baba na Wakali wa Mzee Hamimu

Nyinyi wa rika langu mliokulia Rumonge kando ya ziwa miaka ile familia zetu zilipokuwa zinarudi kutoka Tanzania, nisaidieni kukumbuka. Tulitoka shuleni peku, mdomo umechoka kwa Kifaransa ambacho hatukukielewa, na pua ndiyo iliyotuongoza nyumbani. Chini ufukweni kulikuwa na harufu ya ndagala, yaani dagaa, walioanikwa juani. Ukipanda kidogo ulikutana na mawese yanayochemka kwenye pipa. Ukifika kwetu ulipokewa na moshi wa kinyesi kikavu cha ng'ombe, na hapo ulijua Baba yuko na nyuki wake. Watoto wa pale walituita Watanzania kwa sababu ya Kiswahili chetu. Tuliwanyamazisha kwa kuwapa nta ya kutafuna, kwa kuwa mtoto mwenye nta mdomoni hana nafasi ya kumcheka mtu.

Watoto wangu leo wanatafuna chingamu yenye ladha ya matunda ambayo hawajawahi kuyaona. Sisi tulitafuna sega mpaka taya zikauma, na mara nyingine ndani yake mlikuwa na mtoto wa nyuki, tukammeza naye. Hatukuugua. Tulisema ni nyama ya siku hiyo.

Baba alijifunza kufuga nyuki huko ukimbizini, kwenye misitu ya Tanzania ambako mizinga hutundikwa juu ya miti. Tuliporudi alianza kutundika yake kilimani, na mwaka ule ule wa kwanza tawi likakatika naye. Mguu ulivunjika, ukaunga vibaya. Akawa mtu wa fimbo, na kilima kikawa kitu cha kukitazama tu kutoka mlangoni. Wengine walimshauri auze chumvi na sabuni. Alijaribu. Alikuwa anakaa nyuma ya meza yake ndogo akitazama maua ya mikaratusi kule juu, na mteja akimuuliza bei ya sabuni anamjibu kuhusu maua.

Kwa wasiojua, nieleze kidogo. Nyuki wetu wa kienyeji hafugwi karibu na nyumba. Ni mweusi mweusi, mdogo, na hasira yake iko jirani. Ukipita karibu naye una jasho, anakuja kuuliza. Ukipita na mbuzi, anakuja kuuliza. Ndiyo maana desturi ya kwetu ni kumtundika mbali na juu. Kwa mtu asiyeweza kupanda kilima, sembuse mti, desturi hiyo ilikuwa na maana moja: ufugaji umekwisha.

Basi siku moja akaja binamu yetu Dezire, aliyekuwa anafanya kazi kwenye mradi fulani Bujumbura. Alileta sanduku la mbao lililofungwa kwa wavu, na ndani yake mlikuwa na nyuki wa manjano, wanene, waliotoka Ulaya.

"Hawa iko wapole kabisa," alisema. "Unaweza kuwaweka pembeni ya jiko."

Aliendelea kueleza mambo mengi, lakini nadhani Baba alisikia maneno hayo tu, pembeni ya jiko. Jioni ile hakula. Alikaa kwenye kigoda karibu na sanduku, fimbo imelala chini, akitabasamu peke yake kama mtu aliyerudishiwa shamba.

Habari zikamfikia Mzee Hamimu. Huyu alikuwa fundi cherehani, Mwislamu wa mjini Rumonge, lakini mizinga yake ilijaa kilima kizima. Alipenda nyuki weusi kuliko alivyopenda baadhi ya ndugu zake. Alikuja na kofia yake nyeupe, akaketi mbele kabisa ya mlango wa sanduku, akakunja mikono, akasubiri kuumwa. Akasubiri sana. Nyuki mmoja wa manjano akatua kwenye goti lake, akajisafisha miguu, akaondoka zake. Mzee Hamimu alichukia kweli.

"Ferdina, hii si nyuki," alimwambia Baba. "Hii ni nzi imevaa vizuri."

"Iko inatengeneza asali?"

"Hata ng'ombe inatengeneza maziwa, lakini hatuite nyuki."

Kuanzia siku hiyo alikuja karibu kila jioni, akifunga cherehani mapema ili awahi ubishi. Ikinyesha mvua, nyuki wa manjano walibaki ndani, naye Mzee Hamimu alifika ameloa, furaha tele. "Unaona? Zinaogopa mvua kama wafanyakazi wa ofisi ya komine. Zangu saa hii iko kazini." Baba naye alikuwa na la kwake. Nyuki weusi, kiangazi kikikaza, huacha mzinga na kuhama wote. "Zako zinakimbia kila mwaka," alisema Baba. "Ni wakimbizi."

Mzee Hamimu aliweka kikombe cha chai chini. "Na weye ulikuwa nini?"

Sisi watoto tuliogopa kwamba sasa wamefika pabaya. Baba akacheka mpaka fimbo ikamponyoka. "Sawa," alisema, "lakini mimi nilirudi." "Hata zangu zinarudi," Mzee Hamimu akajibu, na wakamalizia chai.

Ubishi ule ulituingia hata sisi. Tulicheza mpira wa maganda ya migomba kwa timu mbili, Manjano na Weusi. Waliokuwa Manjano walitakiwa kuomba radhi kila wanapomkanyaga mtu. Hakuna aliyetaka kuwa Manjano. Mimi nilikuwa Manjano daima, kwa sababu ya Baba. Kuhusu Mama, yeye hakuwa na upande. Alisema nyuki wawe wa wapi, asali yao inanata kwenye meza ile ile.

Sasa hapa nieleze polepole, maana ndipo mambo yalipogeukia. Malkia wa nyuki akichoka, vibarua wake humlea mwingine. Yule mpya, kabla hajaanza kutaga, hutoka nje na kwenda kuolewa hewani, juu sana, na huolewa na madume anaowakuta huko, tena wengi. Je, juu ya kilima chetu kulikuwa na madume wa nani? Malkia wetu wa manjano alizeeka, binti yake akaenda matembezi mchana mmoja wa jua, akarudi nyumbani kimya kimya na kuanza kutaga. Vibarua wa zamani wakafa kidogo kidogo, wapya wakashika nafasi. Kwa rangi walikolea kidogo tu, hukuona tofauti kubwa. Kilichobadilika ni roho, na Baba hakujua.

Dalili zilikuwapo. Mama alichomwa mwiba akiosha sufuria, Baba akasema ni harufu ya sabuni. Mbuzi wa jirani alichomwa, Baba akasema mbuzi yule ana tabia mbaya. Mapenzi humfanya mtu awe wakili.

Basi Jumapili moja, baada ya misa, Baba aliwaalika wafugaji wenzake, waimbaji kadhaa wa kwaya, na shefu wa kolini, kiongozi wa mtaa wetu, pamoja na mke wake. Alitaka waone kwa macho kwamba nyuki anaweza kukaa nyumbani kama kuku. Alivaa koti lake la kanisani. Moshi hakuwasha, akisema moshi ni dharau kwa nyuki wastaarabu. Mzee Hamimu alikuwapo, amesimama nyuma kabisa, na sasa nikifikiria naona alisimama mbali kuliko kawaida yake.

"Tazameni mkono wangu," alisema Baba, akafunua mfuniko.

Kwanza tulisikia sauti. Wale wa zamani walikuwa wananong'ona, hawa walinguruma. Kisha kwaya ikaondoka, sauti ya kwanza na ya pili pamoja, kuelekea ziwani. Shefu aliingia kwenye banda la mbuzi, akafunga mlango, na mbuzi wakatoka kwa dirisha. Mke wake hakuwahi. Mama alivua kitenge cha juu, akatufunika watoto wote kama vifaranga. Baba, asiyeweza kukimbia, alisimama pale pale ameshika mfuniko, akiendelea kueleza.

"Msiogope, ni wapole. Leo wamechoka tu."

Aliongea mpaka mdomo wa juu ulipovimba na maneno yakakosa njia.

Siku mbili baadaye shefu aliitisha kikao uani kwetu. Uso wake ulikuwa bado una matuta. Alisema sanduku lihamishiwe kilimani kabla ya Jumapili nyingine, mbali na watu, kama desturi ilivyo. Hakusema kwa ubaya. Lakini sote tulijua kilima kilikuwa nini kwa Baba. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, ameinamisha kichwa. Mama alimwekea mkono begani.

Mzee Hamimu akasimama. Alikuwa amevaa kanzu ya Idi, jambo lililotushangaza kwa kuwa haikuwa Idi. Nyuma yake mwanafunzi wake wa cherehani alikuwa ameshika kreti ya fanta. Tulijua amekuja kusherehekea ushindi.

"Amahoro, shefu. Amahoro, wazee," alianza, kwa ile sauti ya taratibu ambayo wazee huitumia siku ya kuposa. "Niko hapa kama baba wa bwana arusi."

Watu wakatazamana.

"Binti ya hapa kwa Ferdina alitoka bila ruhusa. Vijana yangu ya kilimani wakamuoa huko juu. Hawakuniambia. Ni vijana, munawajua. Mimi nimeona rangi ya watoto, nikasikia sauti yao, nikajua hii ni damu yangu. Kwa hiyo nimeleta kinywaji kidogo, halafu mahari tutaongea. Lakini shefu, hao munataka kufukuza ni wajukuu zangu. Na mutu hafukuzi wajukuu ya mutu bila kumuuliza."

Shefu alijitahidi kushika uso. "Mzee Hamimu, sikio ya mke wangu iko kama mkate."

"Pole yake sana. Ile kuuma ni ya kwetu, nakubali. Nyuki ya Bazungu haijui kuuma vile."

Hapo Baba akainua kichwa. Mdomo ulikuwa bado umevimba, maneno yakatoka yamejikunja. "Kuuma ni yenu. Asali ni yetu."

"Asali gani? Ile maji?"

"Maji? Si ulikunywa kikombe kizima juzi?"

"Nilikuwa na kikohozi."

Wakaendelea hivyo, huku kikao kizima kikicheka na fanta zikifunguliwa kabla hata ya kukubaliwa. Shefu alipoona hakuna atakayemsikiliza, aligonga fimbo chini. Aliuliza swali moja la maana: nani atahakikisha watu hawaumwi tena? Mzee Hamimu akasema kwa desturi upande wa bwana arusi husaidia kazi kwa wakwe, kwa hiyo atajenga yeye ua mrefu mbele ya sanduku. Nyuki akitoka mlangoni akakuta ukuta mbele yake, hupanda juu, na akishapanda hupita juu ya vichwa vya watu hana habari nao. Shefu akakubali kwa sharti kwamba mlango wa sanduku utazame bondeni, na Baba awashe moshi kama watu wote.

Wiki ile Mzee Hamimu na mwanafunzi wake walizungusha ua wa matete mrefu kuliko mtu. Baba alikaa kwenye kigoda akiwaelekeza. Kila tete lilikuwa na ubishi wake. Ua ulipomalizika ulikuwa umepinda, kila mmoja akasema umepindia upande wa mwenzake. Baba alibaki mfugaji wa nyuki, pembeni ya jiko, mpaka leo.

Siku hizi nikirudi Rumonge nawaona vijana wafugaji. Wamevaa nguo nyeupe mwili mzima kama wanaokwenda mwezini, na nyuki akitua kwenye glavu wanampiga picha. Wana kundi lao la WhatsApp, na humo wanabishana kuhusu nyuki wa kienyeji na wa kigeni, kwa maneno machache na vikaragosi vingi vya hasira. Mmoja akikasirika, unaona imeandikwa kwamba ametoka kwenye kundi. Nawapenda, wana bidii, na asali yao ni safi kuliko yetu, haina hata miguu ya nyuki. Ila nawaonea huruma. Enzi zetu hapakuwa na mahali pa kutokea. Uligombana na mtu, na kesho yake njia ya maji ilipita mlangoni kwake.

Mzee Hamimu alifariki miaka kadhaa iliyopita. Mwanafunzi wake ndiye mwenye cherehani sasa, na mizinga ya kilimani wameigawana watoto wa mzee.

Vijana wale wakisikia habari za Baba huja kumuuliza, kwa heshima, ni nyuki gani bora. Baba hujiweka sawa kwenye kigoda. Huanza kuwasifu wa manjano, kwa sauti ya zamani, akiongeza chumvi makusudi: kwamba walikuwa na adabu kuliko mapadri, kwamba asali yao iliponya hata ulemavu. Kisha husubiri abishiwe. Vijana huandika kila neno kwenye simu zao. Hushukuru, "Murakoze, muzee," wakaondoka. Naye hubaki pale, fimbo mkononi, ameshinda ubishi wote, akitazama njia inayotoka mjini.