Mita Nne za Mtaro

Salongo, kazi ya pamoja ya avenue yetu hapa Uvira, hufanyika Jumamosi asubuhi. Kila nyumba inachimba mtaro mbele ya parseli yake, yaani kiwanja chake, ili maji ya mvua yanayoteremka mlimani yaende ziwani bila kupita vyumbani mwetu. Mimi ndiye niliyekuwa nikishika kamba ya kupimia. Nilijivunia kamba ile kuliko diploma yangu ya ualimu, na leo nikiikumbuka natamani kujizaba kofi.

Nyumba iliyo chini ya yangu kwenye mteremko ilipangwa na mama mmoja kutoka Lubarika. Hatukumjua. Alikuwa akitoka uani kuongea na simu kwa sauti ya chini, na hilo likatutosha. Kipindi kile kila mtu alimwogopa mwenzake. Tukasema ni mpelelezi, anapeleka habari. Kwa nani? Hakuna aliyejua, wala aliyejisumbua kuuliza.

Jumamosi moja alitokea na mkono wa kulia umefungwa kitenge. Alikuwa ameteleza akibeba maji.

"Mama mwalimu, mukono yangu iko inauma sana. Munisaidie tu leo."

Watu wote wakanitazama. Nikaivuta kamba ikanyooka.

"Kila muntu na parseli yake, mama."

Wakacheka. Yeye akarudi ndani. Tukaziruka mita zake nne, tukaendelea kuchimba chini yake. Na mimi, kwa roho mbaya tu, tope la mtaro wangu nikalimwaga kwenye kipande chake.

Mvua ikanyesha Jumanne, niko darasani. Maji yaliteremka vizuri kwenye mtaro wetu, yakafika kwenye tope langu, yakakwama, yakageukia nyumbani kwangu. Ndani alikuwemo mama yangu mzazi, ambaye hawezi kusimama bila kushikwa. Majirani niliowapimia walikuwa wamejifungia, kila muntu na parseli yake.

Nilipofika mbio, nilimkuta mama kwenye baraza la yule mgeni, juu ya ngazi za mawe, amefunikwa kile kitenge. Mgeni alikuwa amemburuta peke yake kwa mikono yote miwili. Mkono ule mgonjwa ulikuwa umevimba mpaka begani.

"Huyu iko anapigia kaka yake simu juu ya shamba ya muhogo," mama akaniambia. "Alikuwa ananielezea mule mu maji, nisiogope."

Yule mgeni hakunilaumu hata kidogo. Afadhali angenitukana. Mkono wake haukupona vizuri, na msimu haujaisha alihama, akaenda kwa kaka yake Kamanyola.

Kamba nilimpa mtu mwingine. Mita zile nne nazichimba mimi kila Jumamosi, na waliohamia juzijuzi wananisifu: "Mama mwalimu iko na roho ya kusaidia!" Nainama, nachimba, na tope nalibeba mpaka mbali.